Nathaniel Ward: daktari aliyelea bustani ndani ya chupa

Chai tunayokunywa asubuhi, kwinini iliyotibu malaria kwa vizazi kadhaa, na mpira wa tairi za malori yanayopanda mlima Sekenke vina jambo moja linaloviunganisha. Historia ya vyote vitatu inapitia kwenye sanduku dogo la mbao na vioo. Aliyelifanya sanduku hilo lijulikane duniani ni Nathaniel Bagshaw Ward, daktari wa London aliyefariki mwaka 1868.

Tumechagua kueleza maisha yake kwa sababu tatizo alilokuwa nalo halitofautiani sana na letu. Shelui na maeneo mengine ya Iramba hupata mvua za msimu mmoja tu kwa mwaka. Msimu ukiisha, kila ndoo ya maji inahesabiwa. Anayepanda ua kwenye kopo au mchicha kwenye gunia anajiuliza swali lile lile alilojiuliza Ward: mmea utaishije mahali ambapo mazingira yanaukataa? Ward alipata jibu ndani ya chupa, tena bila kulitafuta.

Kijana aliyependa mimea

Ward alizaliwa London mwaka 1791. Baba yake alikuwa daktari katika mtaa wa Wellclose Square, mashariki mwa jiji, karibu na bandari. Alipokuwa na umri wa miaka 13 alisafiri kwa meli hadi Jamaica. Huko aliona misitu ya nchi za joto, mimea mikubwa ya majani mapana, na hasa makangaga, yaani ile mimea isiyotoa maua ambayo huota penye unyevu, kwenye mabonde na kando ya vijito. Aliporudi nyumbani, mapenzi ya mimea yalikuwa yamemwingia na hayakumtoka tena.

Alisomea udaktari na baadaye akarithi kazi ya baba yake. Wagonjwa wake walikuwa watu wa mitaa ya bandarini. Muda wa kushughulikia mimea ulikuwa mdogo, kwa hiyo alidamka mapema na kutoka nje ya mji kutafuta mimea kabla ya kazi kuanza. Kwa miaka mingi alikusanya mimea iliyokaushwa hadi ikafikia takriban 25,000.

Moshi wa London

Hata hivyo, kukusanya mimea iliyokauka hakukumtosha. Alitaka mimea hai nyumbani kwake. Nyuma ya nyumba alijenga ukuta wa mawe, akapanda makangaga na mimea midogo ya kijani inayotanda juu ya mawe kama zulia. Juu ya ukuta aliweka bomba lenye matundu ili maji yadondoke polepole siku nzima.

Mimea ikafa. Maji yalikuwepo, tatizo lilikuwa hewa. London ya wakati huo ilikuwa ikiwasha makaa ya mawe katika kila nyumba na kila kiwanda. Masizi yalitua juu ya majani na kuyaziba, na moshi ukaiunguza mimea laini. Makangaga, yaliyozoea hewa safi yenye unyevu, hayakuweza kuvumilia. Ward alikata tamaa ya kuwa na bustani.

Nondo na chupa

Mwaka 1829 Ward alikuwa akichunguza wadudu. Alimchukua nondo ambaye alikuwa bado ndani ya ganda lake, hajatoka kuwa na mabawa, akamfukia kwenye udongo wenye unyevu ndani ya chupa ya mdomo mpana. Kisha akafunika chupa kwa kifuniko. Alichotaka ni kuona nondo akitoka.

Kila siku aliichungulia chupa. Aliona kwamba mchana, jua likipata nguvu, unyevu ulipanda kutoka kwenye udongo, ukagusa kioo na kugeuka matone, kisha matone yakateremka na kurudi kwenye udongo ule ule. Udongo haukukauka. Kabla nondo hajatoka, Ward aliona kitu kingine: mche wa kangaga na mche wa nyasi vilikuwa vimechipua juu ya udongo. Hakuna aliyevipanda. Mbegu za nyasi na spora za kangaga zilikuwemo tayari kwenye udongo.

Hapo akasahau habari ya nondo. Kangaga lililogoma kuota kwenye ukuta wenye bomba la maji lilikuwa linaota ndani ya chupa, bila mtu kulimwagilia hata tone. Ward aliiweka chupa nje ya dirisha la chumba chake cha kusomea, upande usiopigwa na jua kali. Mimea hiyo miwili iliishi karibu miaka minne. Nyasi zilitoa maua mara moja. Mwishowe, Ward akiwa safarini, kutu ilikula kifuniko, maji ya mvua yakaingia, na mimea ikaoza.

Kwa nini mmea uliishi

Sababu yake si ngumu kuielewa. Fungua mfuniko wa sufuria ya wali na utaona matone upande wa chini. Ni maji yale yale yaliyokuwa chini, yamepanda kama mvuke, yamegusa kitu chenye ubaridi kidogo na kugeuka maji tena. Ndani ya chupa iliyofungwa jambo hilo hufanyika polepole kila siku. Mizizi hunywa maji, majani huyatoa kama mvuke, kioo huyarudisha chini.

Nje ya chupa, upepo na jua huuchukua mvuke huo na kwenda nao. Ndiyo maana bustani yetu inataka maji kila siku: sehemu kubwa ya maji tunayomwaga huishia hewani. Kwenye chupa hakuna pa kwenda. Hata hewa ambayo mmea unaihitaji huzunguka humo humo, kwa kuwa mmea na viumbe vidogo vya kwenye udongo hubadilishana hewa mchana na usiku. Kinachotakiwa kutoka nje ni mwanga.

Inafaa kusema kwamba Ward hakuwa mtu wa kwanza kabisa kuliona jambo hili. A. A. Maconochie wa Scotland alikuwa ameotesha mimea kwenye vioo vilivyofungwa miaka kadhaa kabla yake. Lakini Maconochie hakuandika. Ward alifanya majaribio mengi, akayaeleza kwa wengine, na mwaka 1842 akachapisha kitabu. Ndiyo maana sanduku likaitwa kwa jina lake.

Safari ya Sydney

Ward alianza kutengeneza masanduku ya mbao yenye vioo juu na pembeni, yaliyozibwa vizuri. Alisaidiwa na George Loddiges, mwenye kitalu kikubwa cha mimea huko Hackney, London. Wote wawili walijua tatizo kubwa la wakati huo: kusafirisha mimea hai kwa meli. Safari zilichukua miezi. Maji ya chumvi yaliruka juu ya sitaha na kuunguza majani, na maji ya kunywa yalikuwa machache hata kwa mabaharia. Kwa hesabu za Loddiges mwenyewe, kati ya mimea 20 iliyosafirishwa, 19 ilikufa njiani.

Mwaka 1833 Ward alijaza masanduku mawili makangaga na nyasi, akayapeleka Sydney, Australia, chini ya uangalizi wa Nahodha Charles Mallard. Masanduku yaliwekwa juu ya sitaha ili yapate mwanga. Yalifika salama na mimea ikiwa hai.

Jaribio la kurudi ndilo lililokuwa gumu zaidi. Februari 1834 masanduku yalijazwa mimea ya Australia, wakati Sydney ikiwa na joto la nyuzi 32 hadi 38. Meli ilipozunguka Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika, baridi ilishuka hadi karibu nyuzi 7 chini ya sifuri na theluji ikafunika sitaha. Ilipovuka ikweta joto lilipanda hadi karibu nyuzi 49. Safari ilichukua miezi 8, na mimea haikumwagiliwa hata mara moja. Ward na Loddiges walipopanda melini jijini London, walikuta majani mabichi yenye afya, pamoja na kangaga moja ambalo halijawahi kuonekana likiwa hai Uingereza.

Tangu hapo hesabu ya Loddiges ikageuka: kati ya mimea 20, ikafa mmoja, ikapona 19.

Masanduku yaliyobeba mashamba

Kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko alichokikusudia Ward. Serikali na makampuni ya Ulaya yaliona kwamba sasa zao la thamani linaweza kuhamishwa kutoka bara moja hadi jingine.

Kati ya mwaka 1848 na 1851, Robert Fortune alitoa China takriban miche 20,000 ya chai na kuipeleka India kwa masanduku ya Ward. China ilikuwa imeilinda biashara ya chai kwa karne nyingi. Mashamba makubwa ya India yakaimaliza nguvu hiyo.

Mwaka 1860 Waingereza walikwenda milima ya Andes, Amerika Kusini, kutafuta mti wa mkwinini, ambao gome lake hutoa dawa ya malaria. Miche ya kwanza ya Clements Markham iliteketea kwa joto la Bahari ya Shamu, jambo linalotukumbusha kwamba sanduku lilikuwa na mipaka yake. Mingine iliyokusanywa na Richard Spruce ilifika India na kustawi.

Mwaka 1876 Henry Wickham alitoa Brazil mbegu zipatazo 70,000 za mti wa mpira. Nyingi hazikuota. Miche karibu 2,000 iliyopatikana ilipelekwa kwa masanduku ya Ward hadi Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Kutoka hapo mpira ukasambaa Asia, na mwanzoni mwa karne ya 20 Brazil ikapoteza soko.

Wajerumani nao walituma mimea hai kwenye makoloni yao kutoka bustani ya mimea ya Berlin. Hapa kwetu mwaka 1902 walianzisha kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Mkwinini ulipandwa huko, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli za Ujerumani zilipozuiwa kuleta dawa, kwinini ya wanajeshi wao ilitengenezwa Amani.

Tukieleza maisha ya Ward hatuwezi kuuruka upande huu. Sanduku lililoanza kwa mapenzi ya makangaga lilikuwa chombo cha ukoloni. Waliotajirika ni wenye mashamba na makampuni. Waliolima, kuchuma na kugema walikuwa vibarua wa India, Ceylon na nchi nyingine, wengi wao kwa ujira mdogo. Aidha, udongo uliosafiri na miche ulibeba wadudu na magonjwa ya mimea. Ndiyo sababu moja ya nchi nyingi leo kukataza udongo na miche kuvuka mpaka bila kukaguliwa.

Ua la Usambara

Safari za mimea hazikuwa za kuja Afrika tu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani wilayani Tanga, aliona maua madogo ya rangi ya zambarau yakiota kwenye miamba yenye kivuli huko Usambara. Alimtumia baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland aliyapa jina la kisayansi la Saintpaulia, kwa heshima ya baba na mwana.

Leo ua hilo ni miongoni mwa maua ya ndani ya nyumba yanayopendwa zaidi duniani. Watu wa Ulaya na Marekani huliweka kwenye vyungu vya dirishani na kwenye bustani ndogo za vioo, kwa sababu ni fupi, linapenda unyevu na halitaki jua kali. Ni ua la Tanzania, ingawa wengi wanaolinunua hawajui lilipotoka. Huko Usambara kwenyewe limekuwa adimu kadiri misitu inavyokatwa.

Bustani ya maskini

Katika kitabu cha Ward kuna sehemu ambayo hutajwa mara chache. Aliandika juu ya watu maskini wa mijini, waliojazana kwenye vyumba visivyo na uwanja wala mti. Aliamini kwamba mtu wa namna hiyo naye ana haki ya kuona kitu cha kijani, na kwamba sanduku la mimea linaweza kutengenezwa kwa vitu vya bei ndogo. Alikuwa daktari wa watu hao, akiingia majumbani mwao kila siku.

Kwa muda mrefu kikwazo kilikuwa kioo, kwani Uingereza ilitoza kodi ya vioo. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1845 na bei ikashuka. Masanduku ya Ward yakaingia kwenye sebule nyingi, yakipambwa kwa mawe, magome na makombe, mengine yakijengwa kwa umbo la nyumba ndogo. Makangaga yakawa mtindo mkubwa wa nchi nzima, kiasi kwamba baadhi ya mabonde yalinyang'anywa makangaga yake na wachumaji.

Mwaka 1851, kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa London, Ward aliweka chupa yenye mimea ambayo haikuwa imemwagiliwa kwa miaka 18. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuingia Royal Society, jumuiya kuu ya wanasayansi wa Uingereza. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wameupa mmea mdogo wa mito ya Cape, Afrika Kusini, jina la Wardia ili kumkumbuka.

Miaka ya mwisho

Ward alihamia Clapham, kusini mwa London, mahali penye hewa nafuu, na hapo hatimaye akapata bustani aliyokuwa akiitamani. Alifariki Juni 1868 huko St Leonards, mji wa pwani, akiwa na umri wa miaka 76. Masanduku yake yaliendelea kutumika kwa karibu karne moja zaidi, hadi ndege na mifuko ya plastiki ilipochukua nafasi yake. Bustani ya Kew ya London ilipokea sanduku la mwisho mwaka 1962, kutoka Fiji.

Tunachoweza kufanya Shelui

Wazo la Ward halihitaji fedha nyingi. Haya ndiyo tunayoona yanafaa nyumbani.

Bustani ya chupa. Tafuta chupa ya kioo yenye mdomo mpana na mfuniko. Weka kokoto chini, mkaa uliopondwa juu yake, kisha udongo wenye rutuba. Panda mimea midogo inayopenda unyevu, nyunyiza maji kidogo, funga. Pamba kwa vijiwe vya rangi, gome au sanamu ndogo ya udongo, ukiacha nafasi ya mimea kukua. Iweke penye mwanga wa kutosha lakini nje ya jua, maana jua letu litaipika mimea ndani ya saa chache. Kioo kikijaa ukungu siku nzima, fungua kidogo. Matone yasipoonekana kabisa, ongeza kijiko cha maji. Mshubiri na mimea mingine ya ukame usiifungie, itaoza.

Kofia ya mche. Kata kitako cha chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, funika mche mchanga wa nyanya au pilipili. Hilo ni sanduku la Ward la bei ya bure. Litahifadhi unyevu na kuzuia kuku. Toa kizibo cha juu mchana ili joto lipungue, na uondoe chupa mche ukishika.

Gunia la mboga. Simamisha nguzo ya kokoto katikati ya gunia, jaza udongo uliochanganywa na samadi kuizunguka, kisha toboa pembeni na kupanda mchicha au sukuma wiki. Maji yamwagie kwenye kokoto ili yafike hadi chini. Maji yaliyooshea mboga au mchele yanafaa sana.

Makopo na madebe. Toboa matundu chini ili maji yasituame. Sahani ya kukingia maji chini ya kopo imwage, kwa kuwa mbu huzaliana humo, na hatutaki bustani ituletee malaria. Kopo lililowahi kuwa na dawa ya pamba, dawa ya mifugo au rangi lisitumike kwa mboga hata kama limeoshwa. Lipangie matumizi mengine yasiyo ya chakula, na lile la sumu lisitumike kabisa.

Anayetaka kuanza sasa achukue chupa moja na mche mmoja, auchunguze kwa wiki mbili kabla ya kuongeza mingine. Matone kwenye kioo yatamwonyesha kama maji yanatosha.